Kifusi, zege, pevingi au tusubiri lami? Kwa sisi wa mitaa mipya huku nyuma ya Kange, Tanga

Jumapili tuna mkutano wa mtaa na ajenda kubwa ni moja tu, barabara. Michango imeshaanza kukusanywa na watu wameshagawanyika, kuna wanaosema tumwage kifusi yaishe, kuna vijana wanataka pevingi, vile vitofali vya zege vya kupanga chini, maana wameiona kwenye sheli na kwenye hoteli inapendeza, kuna wazee wanasema zege ndio mwisho wa matatizo, na kuna wale wanaosema tusitoe hata shilingi, barabara ni kazi ya serikali, tusubiri lami. Nimekaa huku tangu nyumba zikiwa chache na mihogo mingi, nimeshatoa mchango mara mbili na mara zote mbili pesa imeondoka na maji, kwahiyo naandika haya mapema ili tukikutana tusibishane kwa kelele tu. Na najua sio sisi peke yetu, watu wa Mwakidila, Pongwe, Masiwani, kote mji unakokua shida ni hii hii.

Kwanza tukubaliane tulipo. Ngamiani kule barabara za namba zilipigwa kwanza halafu nyumba zikajengwa, ndio maana mpaka leo mtu akikwambia barabara ya kumi na mbili unafika bila kuuliza. Huku kwetu nyumba zimetangulia, barabara ni nafasi iliyobaki kati ya ukuta na ukuta. Kuna sehemu ina mita sita, kuna sehemu mtu kasogeza choo na karo mpaka imebaki tatu, na gari la zimamoto peke yake lina upana kama wa mita mbili na nusu, sasa hapo lipite vipi na watu wakikimbia na ndoo. Hakuna kifusi wala lami itakayotibu hilo, upana unatibiwa kwa watu kukaa na kurudisha kuta nyuma, na wakati mzuri ni sasa kabla hujamwaga chochote, maana ukishaweka zege hakuna atakayevunja ukuta wake tena. Mitaa inayofanyiwa urasimishaji, yani kupimwa na kupewa hati wakati nyumba zimeshajengwa, ndio nafasi yenyewe hiyo, mpimaji akija kuchora msifiche mita zenu, kiwanja bila njia hata hati ukipata mnunuzi atakukimbia.

Haya, tuanze na kifusi maana ndicho wengi wanachokitaka na ndicho kilichotuumiza.

Kifusi ni rahisi kuanza nacho, hakihitaji fundi mkubwa, na kikiwekwa vizuri kinabeba gari lolote. Hesabu yake kwa kila mita 100, barabara ya upana wa mita 5, unene wa sentimita 15 baada ya kushindiliwa, unahitaji kama kyubiki 100 (mita za ujazo) kikiwa bado legelege, yani tipa la kyubiki 7 lije trip 14 hivi. Sasa sisi mwaka ule tulileta trip 6 kwa barabara nzima, yakamwagwa mafungu mafungu, vijana wakasambaza kwa makoleo na majembe siku moja, tukapiga picha tukafurahi. Hakikushindiliwa. Hakikupewa mgongo, yani katikati kuinuka ili maji yashuke pembeni. Mtaro hakuna. Mvua za masika zilipoanza haikufika hata wiki tatu, kile kifusi chote kilikuwa kimelala chini bondeni kwenye uwanja wa watoto na barabara imebaki na mfereji katikati unaoweza kumzamisha mtoto mpaka kiunoni.

Na kifusi chenyewe kilikuwa kibovu, sasa hivi ndio najua. Kabla hujalipia tipa, nenda machimboni uchukue kifusi chenye unyevu kidogo ukifinye mkononi. Kikishikana na kubaki donge lakini ukiangalia unaona kokoto za kutosha ndani, hicho kizuri. Kikinata kama unga wa ugali uliozidi maji, huo ni udongo wa mfinyanzi, mvua ikinyesha bodaboda zitateleza kama zipo kwenye sabuni. Na kikipukutika chote kama mchanga, jua likiwaka kitakuwa vumbi na mawimbi yale ya kutikisa gari mpaka bolti zilegee. Huku Tanga tuna bahati, mwamba wa chokaa upo Maweni, upo Pongwe, upo Amboni, mawe sio kitu cha kutoka mbali, kwahiyo hakuna sababu ya kuletewa udongo mwekundu mtupu kwa bei ya kifusi.

Kitu kingine cha kifusi ambacho watu hawakisemi ni kupanda kwa barabara. Kila mwaka mnaongeza tabaka juu ya tabaka, miaka mitatu barabara iko juu ya vibaraza vya watu. Bi mkubwa jirani yangu nyumba yake ilikuwa juu ya njia kwa ngazi mbili, leo anashuka kuingia kwake, na vuli iliyopita maji yalimkuta amelala, tukatoa magodoro usiku na yeye amesimama na taa anauliza mafaili ya marehemu mumewe yako wapi. Hiyo barabara imemfurahisha mwenye gari na kumzamisha asiye nayo. Kabla ya kumwaga kipya, cha zamani kichimbwe, kilainishwe na kusawazishwa upya, kipya kiwe cha kujazia tu.

Zege sasa. Zege la unene wa sentimita 15, mchanganyiko wa moja mbili nne (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne), upana wa mita 4, kwa mita 100 ni kyubiki 60, na kila kyubiki inakula mifuko sita na nusu hivi ya saruji, kwahiyo mnazungumzia karibu mifuko 390 kwa mita 100 tu. Hapo hujaweka kokoto, mchanga, maji, mafundi na mbao. Tuna kiwanda cha saruji Pongwe hapo lakini ukaribu wa kiwanda haufanyi mfuko uwe bure. Kwa barabara nzima hatuwezi, tusidanganyane.

Lakini zege lina sehemu yake, nayo ni mlimani. Ule mteremko wetu wa kama mita 80 hakuna kifusi kitakachokaa pale, maji yanashuka kwa kasi na kila tairi linalopanda linachimba. Pale ndio nasema tuweke zege, tena sio lazima upana mzima, kuna namna ya mapande mawili, kila pande sentimita 75, moja kwa tairi za kulia moja za kushoto, na katikati nafasi kama hiyo hiyo. Hesabu ya mita 80 inakuja kyubiki 18, mifuko kama 120. Hiyo tunaiweza kwa michango ya msimu mmoja tukisimamia vizuri.

Ila hapa kuna mtego na wanaoiga mapande mawili toka sehemu za magari wanausahau. Huku nani anapita? Bajaji. Na bajaji ina tairi moja mbele, katikati. Tairi za nyuma zitakaa juu ya zege vizuri, ile ya mbele itatembea kwenye shimo la katikati, mvua mbili tatu zikilitafuna dereva anapinduka na abiria wake. Kwahiyo ile nafasi ya katikati lazima ipangwe mawe na kumwagiwa zege jepesi juu, iwe sawa na mapande, sio kuachwa majani. Baiskeli na bodaboda wao hawana shida, watashika pande moja, na kwa mji wetu huu wa baiskeli hilo ni jambo kubwa. Kuna mzee anatuletea samaki kila asubuhi toka ufukweni, tenga nyuma, anafika chini ya ule mteremko anashuka anaisukuma huku amezuia tenga kwa mgongo lisirudi nyuma, wengine huwa tunatoka kumsaidia. Kokoto legelege kwa mtu wa baiskeli ni mbaya kuliko hata tope.

Mafundi watataka kuharakisha, msiwaruhusu. Zege limwagwe kwa vipande vya mita 4 hivi na kuachiwa nafasi ndogo katikati ya kipande na kipande, lisipoachiwa litajipasua lenyewe popote linapotaka. Juu lipigwe fagio likiwa bichi ili liwe na mikwaruzo, mtu asiteleze. Halafu magunia yaliyolowa yawekwe juu na kumwagiwa maji siku 7 angalau, jua la Tanga linakausha zege kabla halijakomaa, na magari yasubiri karibu mwezi. Najua kufunga njia mwezi ni kero lakini kuna njia ya kuzungukia msikitini, tupange mapema na wenye bajaji waambiwe.

Pevingi. Mimi naipenda pevingi kuliko watu wanavyodhani, ila sio kwa sababu ya kupendeza. Naipenda kwa sababu inafunguka. Kuna jirani alitaka kuvuta maji, bomba lipo upande wa pili, fundi aliyemtafuta akakata njia yetu usiku kwa sururu akafukia na mchanga, mpaka leo pale kuna bonde na kila tairi linaliongeza. Ingekuwa pevingi angeinua vitofali, akapitisha bomba, akashindilia, akavirudisha, na kesho yake usingejua. Zege na lami ukikata umekata, kiraka hakifanani na mwanzo. Kwa mtaa ambao nyumba mpya inaota kila mwezi na kila nyumba inataka maji, hilo sio jambo dogo.

Ubaya wake ni mkono wa kazi. Chini lazima pashindiliwe kifusi kizuri kwanza, juu mchanga wa sentimita tatu mpaka tano, ndio vitofali. Na pembeni lazima kuwe na ukingo wa zege uliokaza, bila ukingo vitofali vya pembeni vinatembea, vya katikati vinafuata, ndani ya mwaka umepata barabara yenye meno. Kwa njia ya magari chukueni vya unene wa sentimita 8, vile vya 6 ni vya miguu na uwani. Vile vya sentimita 20 kwa 10 vinaenda 50 kwa mita moja ya mraba, kwahiyo kale kachochoro ketu ka kuelekea msikitini, mita 60 kwa upana wa mita 3, kanataka vitofali 9,000. Vinafyatuliwa hapa hapa na vijana wetu wenyewe wakipewa mashine, na kuna ile mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu, kikundi kikijisajili na kufuata utaratibu kinaweza kuomba. Lakini ukinunua kwa mtu, chukua viwili uvigonganishe, vikilia vizuri kama chuma ni vigumu, vikilia kama biskuti rudisha. Na muulize vimekaa siku ngapi vikimwagiwa maji, akisema wiki moja mwambie utarudi.

Kwenye mteremko mkali pevingi siitaki, inasukumwa chini kidogo kidogo na kila gari linalofunga breki. Kwenye bonde linalotuama maji pia siitaki, mchanga wa chini unanyonywa. Kachochoro, mbele ya zahanati, mbele ya msikiti, pale sawa kabisa.

Lami nitaisema kwa ufupi maana sio kitu cha sisi kujenga. Kitu ambacho watu wengi hawakijui ni kwamba lami yenyewe haibebi mzigo wa gari, hasa ile nyepesi ya kumwagia na kokoto juu, kazi yake kubwa ni kuzuia maji yasiingie chini, mzigo unabebwa na tabaka za kifusi na mawe yaliyoshindiliwa. Ndio maana lami bila mtaro inatoboka haraka hivyo, maji yanaingia pembeni, chini panalainika, juu panakatika. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, na toka 2021 kuna shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli iliyoongezwa kwa ajili ya barabara za aina yetu, kwahiyo anayesema tuidai serikali hajakosea, kila bodaboda anayejaza mafuta pale stendi ameshachangia.

Shida ni neno kusubiri. Barabara ambayo haimo kwenye mtandao wao ni ngumu kupangiwa fedha, na yetu tukiulizwa jina lake wengine wanasema kwa Mangi, wengine kwa Mchungaji, wengine njia ya mnazi mmoja. Kwahiyo kuidai kwenyewe kuna kazi, ipewe jina moja, iingie kwenye muhtasari wa mkutano wa mtaa, ipande kamati ya maendeleo ya kata na diwani, ifike TARURA ikiwa na upana unaojulikana na kuta zilizorudishwa. Na hata hayo mambo yetu ya kifusi na zege tusifanye kimya kimya, mhandisi wao aitwe aone kabla, asije akatuambia baadaye tumeweka zege mahali kalavati, yani bomba kubwa la kupitisha maji chini ya barabara, lilitakiwa kupita. Pale njia yetu inapokutana na barabara kuu ya Segera ndio kabisa tusiguse, ile ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, na hifadhi yake ni mita 30 kila upande toka katikati.

Sasa mimi nachagua nini. Kwa pesa tuliyonayo nachagua kwanza kitu ambacho hakuna aliyekitaja kwenye orodha, mtaro na kalavati. Nimeangalia michango yetu yote miwili iliyopotea, hakuna hata mmoja ulioharibiwa na magari, yote imechukuliwa na maji. Tukiweka mtaro upande mmoja tu, ule wa juu, na kalavati moja pale bondeni, hata udongo tuliokuwa nao utakaa. Kalavati lisiwe dogo, la sentimita 60 kipenyo ndio mwanzo, na la 90 zuri zaidi, maana dogo huwezi kuingiza hata jembe kulisafisha, na sisi wenyewe tunajua kinachoingia humo, makumbi ya nazi, makaka ya madafu, chupa, pampasi. Pande zote mbili lijengewe kichwa cha mawe lisitafunwe. Mteremkoni mtaro uwe wa mawe, wa udongo pale unageuka korongo msimu mmoja.

Baada ya hapo mteremko uwekewe zege la mapande mawili na mawe katikati. Sehemu ya tambarare iliyobaki ipate kifusi kizuri, kishindiliwe na mashine ya kukodi sio kwa miguu yetu, na kiwe na mgongo. Mgongo kwa barabara ya mita 5 maana yake katikati pawe juu kuliko pembeni kwa kama sentimita 12, chukua kamba na ubao mnapima wenyewe, sio lazima mtaalamu. Pevingi ya kachochoro isubiri mwaka mwingine, vijana waanze kufyatua. Na barua ya lami iende wiki hii hii.

Najua kuna watakaosema zege mteremkoni linawanufaisha wa kule juu tu. Sikubaliani. Masika iliyopita wifi yangu alishikwa na uchungu usiku, bajaji ikaja mpaka chini ya ule mteremko ikagoma, imezama, dereva kijana mzuri tu kajitahidi mpaka moshi unatoka. Tulimbeba wifi kwenye kiti cha plastiki, watu wanne, kila mmoja anatafuta pa kukanyaga, mvua inapiga, na yeye anatuambia taratibu jamani taratibu. Alijifungua salama, alhamdulillah, mtoto sasa anatambaa. Lakini tulitumia zaidi ya nusu saa kwa mita 80, na waliobeba walikuwa wa juu na wa chini, hakuna aliyeuliza nyumba yako iko wapi.

Kuhusu muda, kazi yote ifanyike kati ya Juni na Septemba, masika yameisha na vuli ya Oktoba haijaingia. Tukianza kukusanya leo tunawahi. Tukibishana mpaka Septemba tutamwaga kifusi kwenye mvua tena.

Na kabla ya Jumapili naomba kitu kimoja, mvua ikinyesha tu hata ya nusu saa, wenye nafasi tutoke na vijiti tuchomeke kila mahali maji yanapokatiza njia na kila mahali yanapotuama. Mimi nina bunda la fito kwenye ua wangu, mlango uko wazi, mje mchukue. Mzee mwenyekiti nimeshamwambia, ameahidi kuja na kamba ya kupimia.